Kwa Salwa

Basi lilinitema Malindi saa mbili usiku,
faili la shamba likiwa ndani ya mfuko wa unga.
Kesi ni kesho. Kesi yetu huwa ni kesho.
Nikapanda ngazi nyuma ya duka la magodoro,
chini ya taa ya kijani iliyobakiza herufi tatu, LWA,
na binti wa mapokezi, Nyevu, bila kuinua macho:
"Mia saba na feni. Mia tano bila."
Feni inafanya kazi?
"Inazunguka."
Sikutaka ubishi.

Daftari lina safu zake: jina, kazi,
atokako, aendako, sahihi.
Aendako nikapaacha wazi.
Akanirudishia kalamu. "Serikali wanauliza."
Nikaandika: mahakamani.
Alisoma, akatabasamu upande mmoja.
"Basi tutaonana tena."

Chumba namba nne.
Matundu ya neti yameshonwa kwa uzi mwekundu,
kazi ya mtu aliyepigana na mbu akashindwa kwa heshima.
Champali za bafuni zimekatwa pembe, na zote ni za kushoto,
asije mgeni akatamani kuondoka nazo.
Taulo lina jina la hoteli nyingine, ya Waitaliano,
iliyofungwa kabla sijaota ndevu.
Bomba likakohoa, likatoa hewa, likatoa kutu,
kisha maji ya chumvi, kidogo kidogo,
mfano wa mzee anayelipa deni.
Na ng'ambo ya ukuta wa mbao jirani anahesabu pesa,
anafika mia tisa na arubaini,
anaanza upya.

Chooni, kwenye msumari,
kumechomekwa kurasa za madaftari ya zamani.
Mtu wa kesi hatumii karatasi bila kuisoma.
Nikaimulika kwa simu:
Kadenge Mwaringa. Chumba 4.
Atokako: Marafa.
Aendako: nyumbani.
Ile K yenye mguu mrefu kama wa panzi.
Baba.
Na juu, muhuri wa wino wa zambarau:
SALWA. VYUMBA VYA KULALA.

Miaka kumi na saba mama aligombana na Salwa.
Kila baba aliporudi kutoka kwenye kesi
aliulizwa, ulilala wapi?
"Kwa Salwa," akasema, akivua viatu.
Hakuongeza neno, na mama hakuuliza mara ya pili;
alimpakulia ukoko.
Leso aliyoletewa kutoka Malindi hakuivaa hata siku moja,
aliitundika mlango wa jikoni, imeze moshi.
Hata matangani, macho yamevimba,
aliwakagua wanawake wageni mkekani
mmoja mmoja, miguu, mikono, pua,
akimtafuta.

Nikaukunja ukurasa, nikautia kwenye faili
baina ya ramani na hati ya kiapo,
nikashuka kumwomba Nyevu karatasi nyingine.
"Shilingi kumi," akasema.
Nikalipa.

Saa nne nikapiga simu.
Mama, niko kwa Salwa.
Nilisikia redio yake ikipunguzwa, ikazimwa.
Nilisikia kigoda kikivutwa.
"Yu hai?"
Yu hai.
Akanyamaza hadi nikadhani salio limeisha.
"Ni mzuri?"

Feni ilizunguka kama nilivyoahidiwa, upepo hamna.
Jirani alikuwa kwenye mia nane na kitu.
Ana vyumba kumi, mama, nikasema.
Hakuna hata kimoja chenye dirisha.
Cha baba kilikuwa namba nne.

Sauti iliyofuata sikuijua:
huenda alicheka, huenda alikohoa,
huenda ni bomba la humu ndani
lililokuwa likijaribu tena.